Meza ya Fundi Imewaka

4 Februari

Mdogo wangu Bisibisi,

Kama zamu za usiku hazijakumaliza, pokea salamu zangu na uzisome mpaka mwisho, usirukeruke kama ulivyozoea. Mimi mzima isipokuwa mgongo. Baba ni vilevile. Mkono wa kulia na ulimi havijarudi tangu kile kiharusi, na daktari siku hizi hasemi tena "vitarudi", anasema "tuvute subira". Mkono wa kushoto unafanya kazi, na akili ni ile ile ya fundi saa: ukiweka kikombe upande asioutaka, anakutazama mpaka ukisogeze.

Juzi chai ilimmwagikia mapajani. Mimi nilikuwa jikoni nasugua sufuria. Mtu mzima amekaa na chai ya moto mwilini, hana sauti ya kuniita, mpaka nilipotoka kwa hiari yangu nikamkuta machozi yanamtiririka. Nililia kuliko yeye. Ndiyo maana nilikuomba ile programu ya kuandika maneno, kompyuta ikayasema kwa sauti. Kwenye karatasi mkono wa kushoto unatoa mikwaruzo tu, na yeye mwenyewe inamkera, lakini kwenye kibodi anadonoa herufi moja moja na inasomeka.

Sasa, kifurushi chako cha hiyo programu kimefika. Nimekishusha, nimekibofya mara mbili kama ninavyobofya kila kitu. Badala ya programu kuingia, kimefunguka kama sanduku. Ndani kuna folda, ndani ya folda kuna folda, na majina yasiyotamkika. Nikafunga, nikabofya tena, sanduku lile lile. Aliyefurahi ni Baba. Alishika kipanya kwa kushoto, asubuhi nzima anafungua kisanduku kimoja baada ya kingine, anaangalia viungo vilivyomo, kama enzi zile akiletewa saa ya ukutani. Yeye anaona hiyo ndiyo kazi yenyewe. Mimi nataka iseme!

Barua yako ya mwisho nimemsomea. Nilipofika kwenye jina lako aliweka kidole juu yake, halafu akanyoosha kidole kwenye kile kiti kilicho mbele yake. Nikamwambia, basi andika umjibu. Akakataa kwa kichwa, akaonyesha kiti tena. Ana la kukwambia, na anataka uwe umekaa pale ndipo alitoe. Mimi nimefikisha.

Dada yako


7 Februari

Shikamoo dada,

Mpe na Baba shikamoo yangu, na pole ya chai. Iliniuma kuisoma. Mimi sijambo, usingizi tu ndio adimu.

Kosa ni langu. Nilipowawekea mfumo huu wa kompyuta wa bure kwa sababu ule wa zamani ulijaa virusi, sikuwaza kwamba kuna siku mtataka kuingiza programu bila mimi kuwepo. Lakini ni jambo dogo. Fungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, andika mstari ninaouweka chini ya barua hii kama ulivyo, bila kuongeza wala kupunguza. Itakuuliza neno la siri, liandike, imekwisha. Dakika moja.

Huku watu wawili wameacha kazi na tuliobaki tunazibeba zamu zao. Chumba chenyewe hakina dirisha, ni skrini ukutani na baridi ya mashine, na kiti changu kinaegemea upande kama kina deni na sakafu. Kuhusu kile kiti anachokionyesha Baba, mwambie nitakuja mambo yakitulia.

Mdogo wako


12 Februari

Wewe mtoto,

Marahaba. Tumeamka. Hayo ndiyo ya hali.

Dakika moja! Dakika yako moja imenila siku tatu. Mstari wako una vistari, vitone, na alama iliyoinama kama mlevi ukutani. Nikauandika, ikanijibu faili halipo. Lipo, naliona kwa macho yangu! Nikaandika tena, ikasema sina ruhusa. Mimi sina ruhusa, kwenye nyumba ninayoipiga deki kila siku. Mara nyingine ikauliza neno la siri, naandika, hakuna hata kinukta kinachotokea. Nikadhani kibodi imekufa. Nikaigeuza juu chini, nikaikung'uta makombo. Bi Kelele, jirani yetu anayekaa na Baba nikienda dukani kuuza misumari na makufuli, akasema labda kompyuta imesusa.

Baba akaniondoa kwenye kiti. Akashika kipanya, akakibofya kifurushi tak-tak, sanduku likafunguka, akanitazama kama kusema: si hiki hapa? Na ana haki. Kitu kikibofywa mara mbili kifanye kazi yake. Picha nikiibofya inaonekana, wimbo nikiubofya unaimba. Hiki kina nini mpaka nikiandikie barua ya maombi?

Natoka dukani miguu imevimba. Nafika, nambadilisha Baba, namlisha, nafua, na mgongo ndio huu. Sina akili iliyobaki ya vistari. Nifanyie kikibofywa mara mbili kiingie, basi. Kama huwezi sema, nijue moja.

Dada yako


14 Februari

Shikamoo dada,

Nimekusikia. Nilicheka kwa hiyo ya kuikung'uta kibodi, halafu nikaona haya kucheka. Neno la siri humo huwa halionekani likiandikwa, ningekuambia mapema. Natumaini Baba yuko vizuri na mgongo umepumzika kidogo.

Sasa sikiliza, hili utalifanya mara moja tu. Kila faili lina mkia kwenye jina lake, zile herufi baada ya kitone cha mwisho. Kompyuta inautazama mkia, ndipo inaamua faili limwendee nani. Ni kama karani wa mapokezi hospitalini, anaangalia kadi yako anasema chumba kile pale. Vifurushi vyako karani anavipeleka kwa mfungua masanduku. Tunataka avipeleke kwa fundi wa kuingiza programu. Fundi huyo yumo humo humo, hajaambiwa tu kwamba hii kazi ni yake.

Bofya kifurushi kwa kitufe cha kulia cha kipanya. Chini kabisa chagua Sifa. Humo utaona pameandikwa Fungua Kwa, na orodha ya programu. Chagua Kisakinishi, ndiye fundi wetu, kisha bonyeza Weka Kuwa Kawaida. Funga. Kuanzia hapo kila kifurushi chenye mkia huo, ukikibofya mara mbili, kitakwenda kwa Kisakinishi moja kwa moja.

Mdogo wako Bisibisi


16 Februari

Bisibisi,

Marahaba. Tu wazima, ingawa nusura nife. Neno lenyewe "kisakinishi" linataka mtu anywe maji kwanza.

Nilifuata ulivyosema, ila sikuvaa miwani, na kifurushi kilikaa jirani na picha ya marehemu Mama, ile aliyovaa gauni la vifungo vikubwa. Kumbe niliyoibofya ni picha. Nikachagua kisakinishi chako, nikaweka kuwa kawaida, nikafunga, nikajipongeza. Baadaye nataka kumwonyesha Baba picha za zamani. Nambofya Mama, kompyuta inanijibu: "Kifurushi hiki kimeharibika." Nikabofya ya harusi yao. Kimeharibika. Yako wewe bila meno. Kimeharibika. Mdogo wangu, nilikaa sakafuni. Nilijua nimemfuta Mama.

Baba ndiye aliyetuokoa. Aliisoma barua yako kwenye skrini taratibu, akabofya kulia kwenye picha, akaingia kule kule kwenye Sifa, akazirudishia picha programu yake ya kuonyesha picha. Mama akatokea anacheka. Kisha akahamia kwenye kifurushi, akafanya vilevile, safari hii mahali pake. Akakibofya tak-tak, kisakinishi kikaja, nikaandika neno la siri, programu ikaingia. Fundi ni fundi, hata akibaki na mkono mmoja.

Tumejaribu "habari za asubuhi". Imeitamka kama mgeni aliyeshuka jana, tena ana mafua. Tafuta sauti inayoijua lugha.

Dada yako


20 Februari

Shikamoo dada,

Hongera kwa Baba, na kwako wewe uliyekaa sakafuni. Mimi mzima, nachechemea na zamu.

Nimetuma folda moja. Ndani kuna sauti inayosema Kiswahili, kuna kibodi yenye herufi kubwa ya kwenye skrini, na viraka viwili vitatu vya kuziba kasoro za programu. Nimevikokota humo mwisho wa zamu, macho yanafumba, lakini nadhani vyote vipo. Pia kuna kimoja ambacho mkikibofya, kisakinishi hakitauliza tena neno la siri, maana kumwandikisha Baba neno lile kwa kidole kimoja ni mateso. Kazini mtu akifanya hivyo namfokea. Lakini hapo ni nyumbani, nani ataingiza nini?

Mdogo wako


3 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, na salamu za wote. Leo nina la kukuchekesha, lichukue kabla sijachoka.

Vyote vimeingia, na sikugusa mimi. Nilitoka dukani nikamkuta Baba ameibofya folda nzima, kimoja baada ya kingine, mpaka hakuna kilichosalia. Unamjua, hajawahi kuona kitu kimefungwa akakiacha hivyo hivyo.

Kisha akatuita kwa mkono, mimi na Bi Kelele, asikilizwe neno lake la kwanza. Nilikaa na leso tayari. Nilijua atamtaja Mama, au atanitaja mimi. Akadonoa, akadonoa, akabonyeza. Sauti ikasema: "Bi Kelele apunguze redio." Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Bi Kelele amenuna mpaka leo, lakini redio imepungua.

Sasa anaita mwenyewe. "Maji." "Mto." "Chumvi imezidi." Asante hujui nilivyopumua. Ila amepata tabia mpya, anaibofya dunia nzima. Akitaka nije anagonga ukingo wa kitanda, tak-tak. Akitaka dirisha lifungwe anagonga meza, tak-tak. Jana alinigonga kiganja mara mbili. Nikamuuliza nini tena? Akanyoosha kidole kwenye kitanda changu. Alitaka nilale. Nikamwambia, na vyombo ataosha nani?

Lile jambo lako bado hajalitoa. Nilimwambia, sasa una sauti, sema tumrekodie tumtumie. Akaandika: "Hapana. Kiti." Unakuja lini?

Dada yako


10 Machi

Shikamoo dada,

Salamu kwako, kwa Baba, na kwa Bi Kelele na manuno yake. Mimi sijambo. Leo na mimi nina jambo, na sijui kama ni la kuchekesha.

Kazini kwetu kuna ukuta wenye mashine zote za wateja tunazozilinda. Kila mashine ina jina na kitaa kidogo, kijani ikiwa imewaka, nyekundu ikiwa imezimwa. Msimamizi akaniita, akagusa ukuta kwa kalamu: "Huyu mteja ni nani?" Pameandikwa Meza ya Fundi. Dada, hilo ni jina nililoipa kompyuta ya hapo nyumbani nilipoifunga. Siku ile ya kukokota vifurushi usingizini, nilikokota na kimoja cha kazini. Kazi yake ni kukaa ndani ya mashine na kuturipotia kwamba iko hai. Baba akakibofya. Na aliyeondoa neno la siri ni mimi, mtaalamu.

Nilipaswa kukifuta papo hapo. Nikamweleza msimamizi ilivyokuwa, habari ya kiharusi na yote. Akasema kiweke kule pembeni kwenye mashine za majaribio, asikione mtu.

Hujui kinavyonisaidia. Kukiwa asubuhi kwenu, mimi namalizia zamu, mara Meza ya Fundi inageuka kijani. Nasema, haya, mzee amekaa kitini. Naweza kwenda kulala. Likizo wameikataa mpaka mwezi wa saba, na nikilazimisha kazi yenyewe inaweza kuniponyoka. Lakini sasa ni kama nipo.

Mdogo wako


13 Machi

Bisibisi,

Marahaba. Wazima.

Habari ya taa nimemweleza Baba. Aliniashiria nirudie, nikarudia. Akaandika: "Ananiona?" Nikasema, anaona kompyuta imewaka, Baba. Akaandika: "Basi ananiona." Tangu siku hiyo hagusi chai kabla mashine haijawashwa, na ninatakiwa nimchane nywele kwanza.

Ni kama upo, umesema. Sawa.

Dada yako


19 Aprili

Shikamoo dada,

Natumaini hamjambo. Nisamehe kwa kimya, kazi imenikaba shingo. Bahati nzuri kila siku naiona taa yenu ikiwaka kwa wakati wake, kwa hiyo sina wasiwasi. Mwambie Baba asiache kukaa mezani, mazoezi ya vidole ni muhimu.

Mdogo wako


21 Mei

Dada shikamoo,

Haraka haraka. Naona mko salama, taa haijakosa hata siku moja, inanipa raha. Nimemtumia Baba kifurushi cha mchezo wa drafti asichoke na upweke. Akibofye tu mara mbili. Habari za likizo bado.

Mdogo wako


24 Mei

Bisibisi,

Sina salamu leo, utanisamehe. Naandika kwa simu ya Bi Kelele, herufi ndogo, makosa uyavumilie.

Barua zako mbili nilizisoma. Sikujibu kwa sababu hukuuliza kitu. "Naona mko salama." Nani kakwambia? Umetuona wapi?

Baba hajakalia kiti chake cha mezani tangu wiki ile ya barua yako ya Aprili. Kifua kilimbana, akalazwa, wakamrudisha, na tangu arudi ni wa kitandani. Namwekea kibodi kifuani, anaandika neno moja, mkono unaanguka. Namgeuza ubavu huu, namgeuza ubavu huu, asitoke vidonda, na kimoja kimetoka vilevile. Dukani nimeacha. Wamemweka mtu mwingine kwenye makufuli yangu.

Na taa? Taa naiwasha mimi, hata siku zile alizolazwa. Kila asubuhi akifumbua macho anagonga ukingo wa kitanda, tak-tak, ananyoosha kidole mezani. Isipowaka hamezi kitu. Anataka iwake ili wewe usiwe na wasiwasi. Wewe unaiona imewaka, huna wasiwasi, huji. Mnabembelezana kwa taa nyie wawili, na swichi ni mimi.

Alipolazwa sikukwambia kwa sababu alinikataza. Aliandika: "Asijue, ataacha kazi." Nikatii. Mtoto wa kwanza kazi yake ndiyo hiyo. Lakini nimechoka, mdogo wangu. Nimechoka mpaka kusema nimechoka kunanichosha. Jana nilisinzia nimesimama, sufuria mkononi.

Hicho kifurushi cha drafti sikukibofya.

Leo nimeizima mashine. Baba amegonga kitanda mpaka mkono ukamwishia nguvu. Amekataa chai, amegeuzia uso ukutani. Najua nimemwonea mgonjwa, na roho inaniuma ninapoandika. Sitaiwasha. Bado ana jambo lake, na pumzi anazihesabu. Ukitaka kujua kama Baba yuko hai, kiti kipo.

Dada yako


25 Mei

Dada,

Taa ilibaki nyekundu mpaka zamu ikaisha. Nilisema labda umeme. Nikasema labda waya. Nilisimama pale ukutani na wateja wananipigia simu sipokei, mpaka barua yako ikanikuta hapo hapo.

Nimemwambia msimamizi naondoka. Sikusubiri jibu lake. Nimepata nafasi ya kesho, nimefunga begi moja.

Usiiwashe. Mwambie Baba nakuja kwa miguu yangu, kiti asikalie mtu.

Mdogo wako


29 Juni

Shikamoo dada,

Nimerudi huku salama. Nilidhani nitakuta kazi imekwenda, kumbe msimamizi alinishikia nafasi, alizifanya zamu zangu yeye mwenyewe. Pole tena, dada, na mimi najipa pole. Nyumba unaionaje sasa baada ya watu kuondoka?

Kuna jambo sikukwambia nilipokuwa huko. Kabla ya msiba niliona haya, wakati wa msiba walijaa watu, na baada ya kumzika Baba ulikuwa unaosha vikombe vya watu hukugeuka.

Ile siku ya pili ya kufika kwangu, ulipokwenda kununua dawa ya kidonda, nilimwekea Baba kibodi kwenye mto. Nikakivuta kile kiti, nikakaa. Alinitazama muda mrefu, kisha akaanza kudonoa. Herufi moja, anapumzika. Herufi nyingine, anafumba macho. Mimi nilikuwa nimejiandaa. Nilijua ataniuliza kwa nini niliikataa meza yake ya kutengenezea saa, kwa nini nilikwenda mbali hivi, na majibu nilikuwa nayo tangu njiani. Akabonyeza. Ile sauti ikasema: "Mimi umeshaniona. Sasa mwone dada yako."

Halafu akanigonga kiganja, tak-tak, kama alivyokuwa akifanya akitaka jambo lianze.

Ndilo alilolitunza miezi yote ile, dada. Halikunihusu mimi na yeye. Ulipoingia na dawa nilikutazama, nadhani kwa mara ya kwanza tangu tuwe watoto. Umekonda. Ulikuwa umevaa kandambili mbili zisizofanana na hukujua. Nikakupokea mfuko tu. Nisamehe.

Leo namalizia zamu, mara Meza ya Fundi ikawaka kijani. Moyo ulinipasuka, halafu nikakumbuka kwamba aliyewasha ni wewe. Nami nikakumbuka kwamba ulikuwa wewe tangu Aprili. Nimebadilisha jina pale ukutani. Sasa pameandikwa Dada.

Mwezi wa nane nakuja, nimeandikiwa ruhusa tayari. Nitaishika nyumba, wewe uende utakako, au usiende popote. Lakini kabla ya hapo nakuuliza, maana nimezipitia barua zangu zote na sikuona nilipokuuliza. Wewe hali yako ikoje? Unataka nikutumie nini?

Mdogo wako


2 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba, na salamu zako nimezipokea. Umeniuliza hali yangu. Sentensi hiyo nimeirudia, nikavua miwani, nikaivaa, nikairudia.

Kwa hiyo ndilo hilo tu. Mimi nilidhani ni ugomvi wenu wa meza ya saa, au ni wosia wa vile vifaa vyake. Nimelia. Kisha nimemkasirikia, maana mzee mzima, sauti unayo, mimi nipo hapo hapo nakufuta mdomo, si ungeniambia mwenyewe? Baadaye nikakumbuka kwamba aliniambia. Alinigonga kiganja, akanionyesha kitanda changu, nami nikamjibu habari za vyombo.

Hali yangu ni hii. Naamka saa ile ile. Sikio linatega mlio wa kitanda, hakuna mlio. Mkono unakwenda wenyewe kwenye kitufe, naiwasha mashine, nakaa mbele yake na kikombe kimoja. Jana nilimfungua Mama, anacheka vilevile na vifungo vyake. Bi Kelele amezima redio kabisa kwa kumheshimu Baba, na kimya chake kinanichosha kuliko redio. Nimemwambia aiwashe. Wale wa dukani wamenitafuta, makufuli yamewashinda, nimewaambia wangoje.

Umeuliza unitumie nini. Usinitumie kitu. Hili halina kifurushi. Mwezi wa nane njoo, na uje na kandambili, pea moja, zinazofanana.

Kesho sitaiwasha mashine. Vyombo vipo kwenye beseni, vitakaa. Nimefunga mapazia, na Bi Kelele nimemwonya asinigongee mlango hata nyumba yake ikiungua. Ukimalizia zamu ukaona bado nyekundu kwenye jina langu, usishtuke, usipige simu, usitume mtu. Ujue dada yako amelala.

Dada yako